Niliogopa Kukata Bangili, Mume Wangu Asife

Nina umri wa miaka thelathini na moja. Mimi ni Mkenya wa Kisii, msusi wa nywele kwa kazi, na kwa sasa ninaishi Gitting, wilaya ya Hanang, mkoa wa Manyara. Jina langu ni Moraa, ingawa huku wengi wananiita Mkenya tu, kana kwamba nchi nzima ya Kenya imejaa ndani ya gauni langu.

Ndugu wasomaji, naomba mnivumilie mpaka mwisho. Sikupata ajali ya gari. Sikuumwa na nyoka. Nilijikata na mundu... kidonda kidogo ambacho mtoto wa shule angekifunga kitambaa akaendelea kucheza. Lakini kidonda hicho kimenitoa machozi ambayo sikuyatoa hata siku ya kumzika baba yangu!

Nilikutana na mume wangu, Paskali, pale Namanga mpakani. Mimi nilikuwa na kibanda cha kusukia nywele, yeye alikuwa akipita na malori ya vitunguu saumu kutoka Mbulu kwenda Nairobi. Alikuwa mpole. Anacheka taratibu, anaongea taratibu, hana haraka na neno. Kwa msichana aliyezoea wanaume wa mpakani wanaoita watu kwa miluzi, mwanaume wa namna ile ni hatari! Nikapenda. Tukafunga ndoa kanisani, nikavuka mpaka na mabegi yangu mawili, nikaja kuwa mke wa mtu Hanang.

Ugenini ni ugenini tu, hata kama lugha ni moja. Gitting kuna baridi, ukungu unashuka kutoka mlimani asubuhi unaingia mpaka jikoni. Majirani wakikaa pamoja wanaongea Kiiraqw, wakicheka na mimi nacheka, sijui tunacheka nini. Pengine walikuwa wananicheka mimi! Na salamu... jamani salamu! Kwetu ukimwambia mtu mzima "habari yako" mnapita. Huku ukimpita mzee bila shikamoo, mpaka jioni mtaa mzima umejua kwamba hukulelewa. Nikajifunza. Nikawa nawaamkia hata watu walionizidi mwaka mmoja.

Nilitaka wanipende, huo ndio ukweli. Mwanamke aliye mbali na kwao hana kaka wa kumtetea, anatetewa na tabia yake. Kila desturi waliyoniambia niliishika kwa mikono miwili.

Mama mkwe wangu ni Mbarabaig kwa kuzaliwa, mtoto wa wafugaji wa Yaeda Chini kule Mbulu, aliyeolewa na mkulima wa huku juu. Ni mama wa maneno machache. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu alimwita fundi, akanizungushia bangili ya shaba kwenye mkono wangu wa kushoto. Si zile za dukani, za kuvaa na kuvua. Hii inazungushwa mizunguko kadhaa juu ya kifundo cha mkono, inagongwa mpaka inakaa, na ikishakaa haitoki. Akaniambia kwao mwanamke huitoa siku anapomzika mume wake.

Nililia kwa furaha siku ile. Nilijiona si mgeni tena. Nikampigia mama yangu picha, nikamtumia Kisii, akauliza kama ni dhahabu!

Miaka ikaenda, mtoto hakuja. Paskali hakunilaumu hata siku moja. Ila safari zake zikazidi, na simu yake ikaanza kulala kifudifudi juu ya meza. Kibali changu cha kuishi nchini kilikuwa kimeisha muda wake, na kila nikimkumbusha ananijibu "nitashughulikia". Mimi nikaendelea kumwamini. Ningemwamini nani mwingine?

Msimu huo wa mvua mama mkwe alikwenda Yaeda Chini kumuuguza kaka yake. Haukupita muda, Paskali naye akaniaga kwamba anamfuata mama huko huko, anunue ng'ombe kwa wajomba zake, kisha warudi wote wawili. Nikamfungia chapati za njiani. Nikabaki peke yangu na ng'ombe wetu wa maziwa bandani.

Asubuhi moja nilikuwa nakata majani ya ng'ombe. Majani yalikuwa yameloa, mundu ukateleza, ukanichana mgongo wa mkono wa kushoto, chini kidogo ya bangili. Damu ilitoka ikakata yenyewe. Nikaosha kwa maji ya chumvi, nikafunga kipande cha kanga, nikaendelea kukata. Ng'ombe hajui habari za kidonda, anataka kula.

Siku ya pili yake mkono ukaanza kupwita. Ngozi ikawa nyekundu, inawaka. Jirani yangu Mama Elia alipouona akanishika bega, akanipeleka zahanati bila kunipa nafasi ya kubisha.

Nesi tuliyemkuta ni mama wa makamo kutoka Masieda. Alinisafisha vizuri, akanichoma sindano ya pepopunda, akanipa vidonge na kunieleza namna ya kuvimeza. Kisha akagonga ile bangili kwa ukucha.

"Hii itolewe leo," alisema. "Mkono unaendelea kuvimba, na hii haiwezi kuvimba pamoja nao. Damu itakosa pa kupita. Mimi hapa sina kifaa cha kuikatia. Nenda kwa fundi wa vyuma, au shuka Katesh hospitali."

Nikamjibu kwamba ngoja nimuulize kwanza mume wangu.

Yule nesi alinitazama sana. "Kwani mkono ni wa nani, mama?"

Nikaangalia chini. Niliona aibu, lakini ndani yangu nilikuwa nasema huyu hajui. Hajui kwamba bangili hii ikitoka ni sawa na kumchimbia kaburi mtu aliye hai! Mimi niliyetafuta mapenzi ya ukoo ule kwa miaka yote hiyo, leo nikate kwa sababu ya mkwaruzo wa mundu?

Nikampigia mama mkwe, hapatikani. Yaeda Chini mtandao ni wa shida, hilo nilikuwa nalijua. Nikampigia Paskali. Simu ikaita mara mbili tu, akapokea, sauti safi kabisa. Mama yuko Yaeda hapatikani, mtoto wake yuko Yaeda hiyo hiyo anapatikana... na mimi sikujiuliza! Aliniambia amepanda kilimani kutafuta ng'ombe, ndiyo maana. Nikaona nina bahati.

Nikamweleza. Akapumua kwa nguvu.

"Moraa, usithubutu," aliniambia. "Unataka kunizika? Mimi niko huku porini, mvua inanyesha, makorongo yamejaa, leo kesho tunavuka na ng'ombe. Ukikata hiyo kitu halafu nikapatwa na jambo, utawaambia nini watu wa kwetu?"

Nikasema basi nishuke Katesh tu, daktari anitazame, labda ataona njia nyingine. Hapo sauti yake ikabadilika. Mtu yule wa taratibu akaongea haraka kama anayefukuzwa! Akasema Katesh nisikanyage. Kwamba kibali changu kimeisha, kwamba hospitali kubwa wanaanza na vitambulisho kabla ya ugonjwa, kwamba nitatoka pale na polisi na kurudishwa kwetu. Nimeze vidonge nilivyopewa, nitulie nyumbani, yeye anakuja.

"Anakuja." Neno hilo nililishika kama mtoto anavyoshika nguo ya mama yake sokoni.

Mkono ukavimba mpaka bangili ikazama, nyama ikapanda juu yake na chini yake. Vidole vikawa vinene, vinang'aa, baadaye vikaanza kufa ganzi. Wasomaji, niliposikia ganzi nilimshukuru Mungu! Nilidhani maumivu yanapoa. Sikujua kwamba kinachopoa ni mkono wenyewe.

Mama Elia alikuwa anakuja kila siku, ananisihi. Mara ya mwisho alikuja na mumewe, ameshika tupa na msumeno wa chuma, tayari kuikata pale pale sebuleni. Mimi nikauficha mkono chini ya blanketi. Nikawaambia waniache, hayo ni mambo ya ukoo wa watu. Yule baba, Mwiraqw wa pale pale, Mkristo mzuri, akatikisa kichwa.

"Mkenya, sisi tumezaliwa hapa," alisema. "Hatujasikia desturi ya kuozesha mkono wa mtu."

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia kama ana huruma sana akakate bangili za mke wake. Watu walionijia na msaada niliwafukuza mlangoni kwangu, na hilo linanikosesha usingizi mpaka leo.

Kwetu Kisii mama alipiga simu, nikamwambia niko salama, nina mafua kidogo. Mama wa watu angefanya nini akiwa mbali vile zaidi ya kulia?

Vidole viwili vilipobadilika rangi, vikawa kama vimepakwa masizi, niliogopa kweli. Nikapiga picha nikamtumia Paskali. Nikasubiri. Nikaona ameifungua. Ameiona! Baada ya kitambo akaniandikia: "Pole mke wangu. Vumilia. Mungu ni mwema."

Nilisoma ujumbe ule nikabusu simu. Ndiyo, nilibusu simu! Homa ilikuwa imeshanipanda kichwani, lakini nisisingizie homa, hata ningekuwa mzima ningeibusu.

Aliyekuja hakuwa Paskali. Alikuja mama mkwe, peke yake, na matope mpaka magotini, amepanda lori la chumvi mpaka Haydom na kutoka hapo akaunganisha magari mengine. Nilitaka kuinuka nimwamkie, miguu ikakataa. "Shikamoo mama," nikasema kutoka kitandani. Hakuitikia, maana macho yake yalishafika kwenye mkono.

Yule mama wa maneno machache alipiga kelele mpaka majirani wakatoka!

"Nani kakukataza kukata? Nani?"

Nikamwambia Paskali. Nikamwambia bangili ni yako mama, uliniambia hutoka siku ya kuzika mume.

Akakaa chini sakafuni, akashika kichwa. "Mwanangu, mimi ng'ombe aliniangukia nikavunjika mkono nikiwa na umri kama wako. Aliyekata bangili yangu ni baba yake Paskali mwenyewe, kwa tupa, huku anacheka. Mkono ukapona, nikavalishwa nyingine. Aliishi mpaka akaota mvi! Mkono ukiumia inakatwa. Hata mtoto wa kwetu anajua!"

Hata mtoto wa kwao anajua. Mimi nilijua nusu tu, kwa sababu nilikuwa mgeni, na hiyo nusu nikaishika kuliko wenyewe.

Nikamuuliza mbona hakuja na Paskali. Akaniangalia kana kwamba nimeweweseka.

"Paskali? Yaeda? Mimi nimetoka huko sasa hivi. Hajakanyaga."

Sikupata nafasi ya kuyafikiria hayo. Baba Elia, niliyemtukana, ndiye aliyetafuta pikapu ya kubeba viazi, wakanilaza juu ya magunia, tukashuka Katesh. Kila shimo la barabara nilikuwa nalisikia kwenye meno.

Hospitali hakuna aliyeniuliza kibali. Waliniuliza naumwa wapi, nilikula saa ngapi, na kidonda kilianza lini. Basi! Bangili ilikatwa kwa muda wa kuchemsha chai. Chai tu, wasomaji. Kitu nilichokilinda mpaka nikatukana watu, kilianguka kwenye beseni la bati vipande vitatu, na hakuna mtu aliyekufa mahali popote.

Daktari alikuwa kijana. Alinibonyeza kidole kimoja kimoja, akauliza kama nasikia. Sikusikia hata kimoja. Akavuta kiti akakaa.

"Dada, mkono huu umeshakufa," alisema taratibu. "Tukiuacha utaondoka na wewe mwenyewe. Inabidi tuutoe hapa juu ya kifundo."

Nikamwambia mimi ni msusi. Nilisema hivyo tu, "mimi ni msusi", nikarudia tena na tena, utadhani nikimweleza vizuri atabadilisha mawazo! Mama mkwe alinishika kichwa akakiweka kifuani kwake.

Waliniweka kwenye kiti cha magurudumu kunipeleka kuandaliwa. Tukapita korido ndefu, mama mkwe ananisukuma yeye mwenyewe, hakutaka mtu mwingine aguse. Mbele yetu mwanaume mmoja alikuwa anaelekea wodi ya wazazi. Mkono mmoja ameshika chupa ya uji, mwingine beseni lenye nguo ndogo ndogo za mtoto mchanga. Begani ametupia kanga mpya.

Alikuwa Paskali.

Mtu wa porini... mtu wa makorongo yaliyojaa... amevaa shati lake la kanisani, nililolipiga pasi mimi mwenyewe!

Hakukimbia. Alitazama mkono wangu, akamtazama mama yake, akafanya kile alichozoea kufanya tangu utotoni. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo mama."

Mama mkwe hakuitikia. Nyie mnaoishi huku mnajua maana yake. Katika miaka yangu yote Hanang sijawahi kuona mzazi akiamkiwa na mtoto wake akanyamaza. Watu waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi waligeuka wote.

Kutoka wodini muuguzi akaita kwa sauti ya kawaida tu, "Baba wa mtoto, mbona nguo hazifiki? Mama anasubiri!"

Basi nikaelewa. Yote kwa mpigo. Mwanamke wake, niliambiwa baadaye, alikuwa amelazwa pale muda mrefu, mimba ilikuwa na matatizo. Na alipokuwa ananiambia Katesh nisishuke, alikuwa amesimama kwenye korido ile ile. Hakuogopa kufa. Hakuogopa mila, wala polisi. Aliogopa nisimkute! Picha ya vidole vyangu vyeusi aliifungua akiwa hospitali, katikati ya madaktari, akaniandikia nivumilie.

Nilikuwa na maneno mengi ya Kikisii, makali, mama yangu alinifundisha vizuri. Badala yake nilimwambia mama mkwe anisukume, twende.

Nilipoamka, upande wa kushoto palikuwa na bandeji, na baada ya bandeji hapakuwa na kitu. Wodi ya pili mtoto mchanga alikuwa analia. Huenda ni wake, huenda si wake, kila aliyelia nilidhani ni wake.

Wazee wa ukoo walikaa kikao. Paskali alikiri mbele yao. Alisema alijua ni uvimbe tu, utashuka, alitaka mwanamke yule ajifungue kwanza ndipo atafute namna ya kunieleza. Aliomba tukae wote wawili, mimi na mwenzangu, kwa amani. Kwa amani! Mama mkwe alisimama katikati ya wazee wanaume, kitu ambacho si kawaida yake, akasema mtoto wake wa Gitting ni Moraa, na huyo mwingine akakae Katesh aliko. Tangu hapo Paskali anaishi huko na familia yake.

Mimi nimebaki kwa mama mkwe. Ndiye aliyefuatana nami mpaka ofisi ya uhamiaji, nikaelezwa utaratibu, nikaufuata. Hakuna aliyenifunga. Jambo nililotishiwa nalo lilikuwa la kukaa kwenye benchi na kusubiri kuitwa jina.

Kazi yangu imekwisha. Nywele hazisukwi kwa mkono mmoja, nimejaribu. Wasichana wa jirani wananiletea vichwa vyao kwa huruma, nawaelekeza kwa mdomo wasukane wenyewe, wakiondoka najifungia chumbani. Mama yangu Kisii hajui mpaka leo. Tukipigiana video namwonyesha uso tu. Juzi aliniuliza mbona siku hizi sitembezi simu nimwonyeshe mashamba ya ngano kama zamani. Nikamwambia kuna ukungu.

Dada zangu mlioolewa mbali na kwenu, na nyinyi kaka mnaofanya kazi nchi za watu, nawasihi. Mkiumia, hata kama ni kidogo, nendeni mkatibiwe. Mtu akikuambia mila inakataza, waulize wazee wenye mila, usimuulize yule anayefaidika ukikaa ndani. Mtu akikutisha kwa vibali, nenda mwenyewe ukaulize. Nesi akikuambia kata, kata siku hiyo hiyo, ruhusa utaiomba baadaye ukiwa mzima. Na vibali vyenu vishikeni wenyewe, visikae kwenye mfuko wa mtu anayesema "nitashughulikia".

Mimi niliogopa mume wangu asife. Hakufa. Nikishuka Katesh Jumapili namwona akipita na mtoto wake, amempakata, ana mikono yake yote miwili.